Nilichomeka kebo ya ofisi kwenye mashine ya kujaza maji, laini ikasimama. Nianzeje upya?

Kijana wa Mifumo (Mkuranga)

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri.

Mimi ni mtu wa IT kwenye kiwanda cha maji ya chupa huku Mkuranga. Kazi zangu ni kompyuta za ofisini, printa, mtandao, na mfumo wa stoo na mauzo. Mashine nilikuwa sijawahi kugusa. Hivi karibuni bosi aliniita akasema anataka kuona kwenye skrini yake chupa ngapi zimejazwa, palepale zinapojazwa. Kwa sasa kiongozi wa zamu anaandika kwenye kaunta buku, asubuhi karani anahamishia kwenye Eksel, kisha mimi naingiza kwenye mfumo. Ikimfikia bosi habari imeshapoa, na mara nyingi daftari linasema hivi, stoo wanasema vile.

Tuna laini moja ya nusu lita, chupa 6,000 kwa saa: mashine ya kupuliza chupa kutoka kwenye prifomu (vijiti vya plastiki ambavyo havijapulizwa kuwa chupa), ya kujaza na kufunga vizibo, ya lebo, na ya kufunga katoni kwa nailoni. Ya kujaza ina PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mashine) na skrini ya kugusa. Ndani ya paneli kuna swichi ndogo ya mtandao yenye matundu matano, mawili hayana kitu.

Nikaona kazi ni rahisi. Jumamosi mchana nikavuta kebo kutoka swichi ya ofisi nikachomeka kwenye tundu mojawapo. Sikumwambia mtu. Hazikupita dakika mbili skrini ikaandika imepoteza mawasiliano, laini ikasimama. Fundi wetu mkuu, mzee anayekaribia kustaafu, akaja mbio. Akafungua paneli, akaona kebo ya bluu ambayo hakuiweka yeye. Hakufoka. Aliichomoa, akaikunja taratibu, akanikabidhi mkononi, akarudi kwenye mashine. Kuwasha upya kulichukua dakika 40, na chupa zote zilizokuwa ndani ya mashine zilimwagwa. Jumatatu nilikuta paneli ina kufuli jipya.

Baadaye nikagundua skrini ya mashine ina anwani ya mtandao 192.168.1.10, na printa ya uhasibu nayo ni 192.168.1.10, ndiyo maana ziligongana.

Naomba msaada wa mambo mawili. Njia sahihi ya kutoa idadi ya chupa kwenye mashine mpaka ofisini ni ipi? Na huyu mzee nimwendee vipi? Tangu siku ile tunasalimiana tu, basi.

---

Fundi Paneli (Arusha)

Pole sana mdogo wangu. Nina miaka 19 kwenye mashine. Nilianza kama fundi umeme kwenye kiwanda cha nguo, sasa niko kwenye vinywaji. Jambo kama lako nimeliona zaidi ya mara moja, na mara zote aliyechomeka alikaa kimya. Wewe umesema, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Nianze na mzee, kwa sababu bila yeye huna mradi. Mwendee asubuhi kabla zamu haijaanza, mpe shikamoo yake, mwambie kosa ni lako na umweleze lilivyotokea, kwamba anwani mbili zilifanana. Usimwandikie barua pepe, na usipitie kwa bosi. Kisha muombe usimame naye zamu nzima pale kwenye mashine ya kujaza, bila kompyuta. Ofisini mtandao ukikatika dakika tano watu wananung'unika, wanaendelea na mengine. Kwenye mashine dakika hizo ni chupa zilizojaa nusu, ni vizibo vilivyobana, ni mkono wa mtu umeingia kutoa chupa iliyokwama bila kujua mashine itaondoka saa ngapi. Yule mzee ameona mikono. Kufuli aliloweka ni la haki kabisa.

Sasa ufundi. Mtandao wa mashine na wa ofisi usiwakutanishe moja kwa moja. Katikati weka kompyuta ndogo ya viwandani, ile isiyo na feni, yenye kadi mbili za mtandao. Kadi moja inaongea na mashine, ya pili inaongea na ofisi, na ndani yake uzime kabisa upitishaji wa pakiti za data kutoka upande huu kwenda ule. Ukipata bajeti ya faiwoli (kifaa kinachochuja mawasiliano), weka faiwoli, na hiyo kompyuta ikae kwenye eneo lake peke yake. Mpangilio wa ngazi tunaoufuata viwandani ulitoka Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, miaka ya 1990: chini kabisa sensa (vifaa vya kuhisi) na mota, juu yake PLC, kisha skrini za waendeshaji, kisha usimamizi wa uzalishaji, ofisi ikiwa juu. Kila ngazi inaongea na jirani yake tu. Printa ya uhasibu haina sababu ya kujua kwamba mashine ya kujaza ipo duniani.

Angalia hapa, wengi wanakwama. Kadi zote mbili zikiwa na namba za 192.168.1 kompyuta haitajua impeleke nani wapi. Lazima upande mmoja uhame, na wa kuhama ni ofisi. Mashine iache na namba ilizokuja nazo, maana PLC, skrini na inverta (vidhibiti mwendo wa mota) zinaitana kwa namba hizo ndani ya programu. Kuhamisha printa na kompyuta ishirini za ofisini ni kazi ya Jumapili moja. Kuhamisha mashine ni kumwita mtu kutoka ng'ambo.

Halafu hiyo kompyuta isome tu. Isiandike hata biti moja kwenye PLC. Bosi akija kukuomba kitufe cha kuwashia mashine akiwa nyumbani, mkatalie, na mzee awe upande wako.

Kuhusu kaunta yenyewe: kama PLC inaongea Modbus (lugha ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani), idadi ya chupa itakuwa kwenye rejista fulani, yaani sehemu ya kumbukumbu inayotunza namba. Kitabu kikisema rejista ni 40001, kwenye programu nyingi unaandika 0. Wengi wanasoma rejista ya jirani wiki nzima bila kujua. Rejista moja ni ya biti 16, mwisho wake ni 65,535, kisha inarudi sifuri. Kwa mwendo wako inajaa baada ya saa 10 na dakika 55 za kufanya kazi bila kusimama. Ukitoa namba ya mwanzo wa zamu kwenye ya mwisho bila kulijua hilo, siku moja utampelekea bosi ripoti ya chupa hasi elfu kadhaa. Kama kaunta imekaa kwenye rejista mbili, hakikisha ipi inatangulia, maana watengenezaji hawakubaliani.

Lakini huenda programu ya PLC imefungwa kwa neno la siri na kitabu hakipo. Usihangaike kuivunja. Weka sensa yako ya mwanga kwenye konveya, na PLC yako ndogo pembeni, usiguse kitu cha mwenye mashine. Mimi ndivyo nilivyofanya, na siku tatu za kwanza ziliniumiza kichwa. Niliilenga sensa katikati ya chupa. Chupa ya maji ni angavu kama kioo, mwanga ukawa unapita kama hakuna kitu, mara unapinda, hesabu ikawa pungufu kila saa. Opereta mmoja dada, aliyekuwa ananitazama toka asubuhi, akaniambia, "Kaka, si uhesabu vizibo?" Nikapandisha sensa kufika kimo cha kizibo cha bluu, na hesabu ikakaa. Ifunge pale chupa zinapotoka kwenye gurudumu la nyota (lenye meno yanayobeba chupa moja moja) la mashine ya vizibo, ambapo bado zimeachana. Ukiisogeza mbele zikabanana, chupa moja ikitikisika mbele ya mwanga itahesabiwa mara nane. Na uwekee kizuizi kwenye programu: chupa 6,000 kwa saa ni moja kila sekunde 0.6, kwa hiyo zikija mbili ndani ya sekunde 0.2, ya pili siyo chupa.

Umeme. Kompyuta ya katikati iwe na UPS, na ihifadhi hesabu kwake yenyewe kwanza ndipo itume. Mimi natumia MQTT, njia ya vifaa kutumiana ujumbe mfupi. Iliundwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyofuatiliwa kwa setelaiti, mahali ambapo mawasiliano ni ghali na hayatabiriki, ndiyo maana inavumilia mazingira yetu. Lakini haitakuokoa kama programu yako haitunzi kitu mtandao ukiwa umelala.

Na saa. Hili hutalikuta kwenye kitabu chochote cha Wajerumani. Opereta anaandika "saa 4:20 vizibo vimekwama." Karani wetu aliingiza 4:20 kama ilivyo, na mfumo ukaipeleka saa 10:20 alfajiri, wakati laini ilikuwa imesimama kwa usafi. Wiki mbili tulibishana na kompyuta. Kisha ikaja zamu ya usiku: inaanza saa 1 usiku Jumanne, inaisha saa 1 asubuhi Jumatano. Chupa iliyojazwa saa 8 usiku ni ya siku gani? Kompyuta inasema Jumatano, kiongozi wa zamu anasema Jumanne, stoo wanaandika siku waliyopokea. Sisi tuliamua kila rekodi ibebe jina la zamu na tarehe zamu ilipoanza, na skrini ya opereta ioneshe saa ya Kiswahili. Tangu hapo daftari na mfumo vinasomana.

---

Mtu wa Ruta (Dodoma)

Mkuu mbona safari ndefu hivyo. Nunua ruta ya laini ya simu, ifunge ndani ya paneli, fungua pota (mlango wa mawasiliano) ya Modbus, soma PLC moja kwa moja kutoka kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali kwenye intaneti. Mtandao wa ofisi hauguswi kabisa, hata hiyo migongano ya anwani haipo. Nimefanya hivyo kwenye pampu za visima na zinafanya kazi.

---

Fundi Paneli (Arusha)

Ndugu wa Dodoma, ruta ya simu siikatai, hasa kisimani ambako hakuna mtandao mwingine. Kufungua pota ndiko ninakokukatalia, na naomba ukazifunge hizo pampu leo.

Modbus ilitolewa na Modicon mwaka 1979. Wakati huo kilichounganishwa ni waya wa mita chache ndani ya kiwanda kimoja, kwa hiyo hakuna jina la mtumiaji wala neno la siri. Anayeifikia pota 502 anaweza kusoma na anaweza kuandika, PLC haimuulizi yeye ni nani. Wapo watu kazi yao ni kupitia intaneti nzima kutafuta pota hiyo. Kama ni lazima utumie ruta, kifaa cha ndani ndicho kianzishe mawasiliano kwenda nje, kwa njia iliyosimbwa, na nje wasiwe na mlango wa kuingilia.

Na kwa kijana: siku mojawapo aliyewauzia mashine atawaomba muache programu ya kuingilia kwa mbali iwe wazi muda wote. Mwambie itawashwa akihitajika, mzee akiwa amesimama pale, na itazimwa akimaliza. Mei 2021 huko Marekani, Colonial Pipeline walisimamisha bomba lao la mafuta kwa siku kadhaa baada ya wahalifu kuingia kwenye kompyuta za ofisi kupitia akaunti ya zamani ya kuingilia kwa mbali. Bomba lenyewe halikuguswa. Walilizima wenyewe, kwa kuhofia maambukizi yasije yakashuka huko chini.

Daftari la zamu usilifute. Machi 2019 Norsk Hydro wa Norwei, kampuni kubwa ya aluminiamu, kompyuta zao zilifungwa na wahalifu waliodai pesa ili wazifungue. Sehemu ya viwanda vyao viliendelea kwa mkono na karatasi kwa sababu watu waliokuwa wanaijua kazi hiyo walikuwepo bado.

---

Dada wa Zamu (Thika)

Hamjambo wote. Mimi ni msimamizi wa uzalishaji, siyo fundi, na nimekaa upande wa pili wa hizo skrini. Naongeza moja tu.

Idadi ya chupa haitamwambia bosi kitu asichokijua. Atakuuliza, mbona jana elfu hamsini na leo elfu arobaini? Hapo utahitaji sababu, na sababu inatoka kwa opereta. Muwekee vitufe vitano, visizidi, kwa lugha anayoitumia mwenyewe: umeme, prifomu zimeisha, vizibo vimekwama, tunasubiri maji, lebo. Sisi mwanzo tuliweka orodha ya sababu 32. Wafanyikazi walikuwa wanabonyeza ya kwanza kila wakati ili skrini iwaachie wafanye kazi.

Tulipopunguza ndipo tukaona. Kwenye daftari watu waliandika kusimama kwa zaidi ya dakika kumi tu. Dakika moja moja, mbili mbili, hakuna aliyeziandika. Sensa ilizijumlisha, na kwa zamu moja zilipita saa nzima, karibu zote ni vizibo kukwama kwenye njia ya kushukia. Tulipofuata tukakuta maboksi ya vizibo yamepangwa kwenye ukuta wa mabati wa stoo, upande wa jua la mchana. Vizibo vilikuwa vimepinda kidogo sana, huwezi kuona kwa macho, ila ukikizungusha kidoleni unahisi. Tulihamisha maboksi upande wa pili. Hakuna kilichonunuliwa.

Bosi pia atakuja na kile kipimo cha ufanisi wa mashine cha Seiichi Nakajima wa Japani, kuzidisha muda wa kufanya kazi, mwendo na ubora. Mwambie mapema kwamba asilimia 90 mara 90 mara 90 inatoa 72.9, asije akadhani mmelala.

Lakini kabla ya yote, mpate kutoka kwake ahadi, mbele ya waendeshaji, kwamba namba za mashine hazitatumika kumkata mtu mshahara. Kwetu meneja wa kwanza hakuahidi. Mwezi mmoja baadaye sensa ilikutwa imefunikwa na kipande cha lebo. Sikumlaumu aliyefanya hivyo. Alikuwa na watoto watatu na mkataba wa miezi mitatu.

---

Kijana wa Mifumo (Mkuranga)

Wakuu, asanteni sana, na samahani kwa kukaa kimya wiki tatu.

Nilimwendea mzee siku ya pili baada ya kusoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Hiyo printa sasa iko wapi?" Nikamwambia nimeshaihamisha, na ofisi nzima nitaihamisha Jumapili. Akasema haya, njoo Jumatatu na viatu vya usalama.

Nimesimama naye zamu mbili. Mchana wa zamu ya pili alifungua lile kufuli mwenyewe, akanionesha relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ya akiba pembeni ya PLC yenye kontakti ambayo haijafungwa kitu, inabonyeza mara moja kwa kila chupa inayotoka. Ipo toka mashine ilipofungwa. Sikuhitaji Modbus, sikuhitaji hata sensa. Tumevuta nyaya mbili mpaka kwenye PLC ndogo ndani ya kisanduku chake, na kompyuta ya kadi mbili iko juu ya ukuta, mbali na maji.

Zamu ya mchana Ijumaa iliyopita: mfumo uliandika chupa 61,480. Daftari liliandika 61,200. Stoo walipokea katoni 2,540 za chupa 24, yaani 60,960. Kwa mara ya kwanza tulikaa mimi, mzee, stoo na bosi tukazitazama namba tatu kwa pamoja, tukaanza kuulizana chupa 520 ziko wapi. Nyingine ni za maabara, nyingine zilikataliwa kwenye lebo, nyingine zilibaki kwenye konveya zamu ilipobadilishana. Kiongozi wa zamu akasema wazi kwamba yeye huwa anakadiria kwa katoni. Bosi hakumgombeza. Nilikuwa nimeshaongea naye kuhusu ile ahadi ya Dada wa Thika.

Sasa mzee ndiye anayenisukuma. Anataka tuhesabu na kule kwenye kupuliza, anaamini prifomu nyingi zinapotelea huko. Tatizo, chupa ikitoka pale haina kizibo wala maji, na inaondoka inaning'inia shingo kwenye njia ya upepo. Sensa niilenge wapi?

---

Fundi Paneli (Arusha)

Umenifurahisha sana. Mpe mzee salamu zangu.

Kwenye kupuliza usihesabu chupa. Hesabu moldi (kalibu ya chupa) inavyojifunga, kisha zidisha kwa idadi ya matundu yake. Funga sensa inayohisi chuma karibu na mkono wa moldi, kwenye fremu isiyotembea. Hesabu itajumlisha na zile zilizopasuka, na ndizo mnazozitafuta: namba ya kupuliza ukitoa namba ya kujaza, hapo mzee ataona prifomu zake zilikopotelea. Ila moldi ikijifunga bila prifomu ndani, kwa mfano wanapojaribu mashine asubuhi, nayo itahesabika, kwa hiyo hesabu pale tu mashine iko kwenye hali ya uzalishaji. Muulize mzee kama kuna relei inayoonesha hali hiyo, nadhani anaijua.

Kazi hiyo msiifanye laini ikiwa inatembea. Subirini siku ya matengenezo, swichi kuu ipigwe kufuli, na upepo utolewe mpaka geji isome sifuri. Upepo wa kupulizia chupa ni kati ya bar 25 na 40, siyo ule wa kujazia matairi. Ufunguo wa kufuli abaki nao mzee mfukoni mpaka wewe utoe mikono.